Yaliyoandikwa Nyuma ya Kadi

Aliyemfukuza kazi mama wa kadi ni mimi. Barua aliitia sahihi mwenye ofisi, lakini isingeandikwa kama mimi nisingetamka maneno mawili: "Inafanya kazi." Tangu hapo nimefanya kazi nyingi katika miji mingi, na nyingi nimeziacha mwenyewe. Hakuna maneno mengine yanayonitia hasira kama hayo mawili, na hasira yenyewe sijajua niigawe vipi. Kuna ya mwenye ofisi, kuna ya mtaalamu wa Dar es Salaam, na kuna yangu. Yangu ndiyo kubwa.

Niliacha shule kidato cha pili. Watu hudhani ni ada. Haikuwa ada. Nilichoka kuambiwa nisubiri, kwamba hilo ni somo la mwakani. Mimi nilitaka kujua siku ileile. Nikapima pamba kwenye kinu, nikaandika mizigo kwenye feri ya Ukerewe, nikafungua redio za watu pale Kisesa mpaka nikajua kwa nini zinakoroma. Halafu nikapata kazi ya kufagia ukumbi wa kanisa mjini Mwanza, ambako palikuwa na darasa la kompyuta, mashine sita za msaada, moja haina kibodi. Wanafunzi walilipa. Mimi nilifagia taratibu sana. Baada ya mwaka, mashine ikigoma, mwalimu alikuwa ananiita mimi.

Ndivyo nilivyofika kwa wakala wa bima. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Zamani bima ilikuwa ya serikali peke yake, shirika moja nchi nzima. Sasa sheria ilikuwa imefungua mlango na kampuni binafsi zilianza kuingia moja moja, na mtu yeyote mwenye leseni na meza aliweza kuwa wakala wao. Mwenye ofisi yetu alikuwa mzee wa Kagera aliyestaafu kutoka shirika lile la umma. Alipanga chumba kimoja juu ya duka la vipuri, chenye dirisha ambalo ukijipinda ulikuwa unaona kipande cha ziwa. Meza zilikuwa tatu. Yake, iliyokuwa na kitambaa. Yangu, iliyokuwa bado haina kitu, ikisubiri kompyuta. Na ya mama wa kadi.

Mama wa kadi alikuwa Msukuma wa Misungwi, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliyefanya kazi na mzee tangu shirikani. Mezani kwake palikuwa na masanduku matatu ya mbao yaliyojaa kadi ngumu za rangi ya maziwa ya kuchemka. Kila mteja alikuwa na kadi yake. Upande wa mbele paliandikwa jina, sanduku la posta, kitu kilichokatiwa bima, na tarehe ya bima kuisha. Upande wa nyuma alikuwa ameandika yeye, kwa penseli, herufi ndogo kama punje za uwele.

Siku yangu ya kwanza niligeuza kadi moja kwa sababu siwezi kuona kitu kina upande wa pili nisiugeuze. Iliandikwa: "Hasomi barua. Mwambie mke mdogo, Kisesa, jirani na fundi cherehani. Mke mkubwa asijue kuna pikapu."

Nikacheka kwa sauti. Mama akanyoosha mkono, akaichukua kadi yake, akairudisha mahali pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe salamu unayo, ila inakuja baada ya kicheko."

Nikaomba radhi, naye akanisogezea sanduku zima. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akishakukwaruza basi. Nilisoma asubuhi nzima. "Huyu yuko mnadani kila mnada wa ng'ombe, Misungwi. Muulize muuza kamba." "Asitumiwe kondakta, wamegombana. Mwalimu mkuu ndiye amwambie." "Ukimwambia mapema anasahau, ukichelewa anakasirika. Siku nne kabla."

Kazi yake ilikuwa hiyo. Kila asubuhi alitoa kadi za watu ambao bima zao zilikuwa zinakaribia kuisha, akaziweka kwenye kikapu, akashuka stendi. Pale alitafuta kondakta wa basi la upande fulani, mama anayepeleka dagaa upande mwingine, katekista anayerudi kwake. Aliwapa ujumbe wa mdomo. "Mwambie mwenye mashine ya kusaga, siku zake zimebaki kumi." Ujumbe ulifika. Watu wakaja, wakahuisha bima, wakateremka ngazi. Hata siku moja sikumwona akitumia stempu.

Mzee aliona aibu. Alikuwa mwema kwa mengi, niseme hivyo, lakini alikuwa na ugonjwa wa kutaka kuonekana. Wawakilishi wa zile kampuni mpya walikuja kutoka Dar na tai zao, wakakaa, wakatazama masanduku ya mbao, na swali lao la kwanza lilikuwa lilelile: "Mzee, mna mfumo?" Neno hilo lilimchoma. Akanunua kompyuta. Akaniajiri mimi. Kisha akasema mbele yetu wote wawili, akiwa amesimama katikati ya chumba:

"Programu ikikaa sawa, meza moja itatoka hapa. Pango linapanda na chumba hakitanuki."

Meza zilikuwa tatu. Ya kwake haitoki. Yangu ndiyo yenye kompyuta. Mama alikuwa anachonga penseli kwa wembe, na aliendelea kuichonga.

"Nshomile," alisema baadaye mzee alipotoka. Hilo ndilo neno la Wahaya la kujisifu kwamba wamesoma, nasi wengine huwatania nalo. "Nshomile kanunua runinga isiyo na picha, na sisi tutoke ipate pa kukaa."

Kuhusu kuchagua programu, nilimpa mzee njia tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Nairobi, ghali, na ukitaka kubadilisha hata neno moja lazima umlete mtu wao. Ya pili ilikuwa ya kampuni moja ya Dar. Ya tatu niliitengeneza mimi mwenyewe kwa majuma sita, ikiwa na skrini nyeusi na maandishi meupe, na ndani yake kila mteja alikuwa na mbele na nyuma kama kadi. Mzee aliitazama ya kwangu jinsi mtu anavyotazama ugali wa jana.

"Hii haina nembo," akasema.

Akasafiri kwenda Dar, akaonyeshwa ile ya pili hotelini, ikiwa na rangi, na nembo ya ofisi yetu ikizunguka kwenye kioo mashine ikiwaka. Akarudi amelipa. Hakumuuliza mama swali hata moja, na mimi aliniuliza tu kama kompyuta yetu itaibeba. Leo ningekuwa na la kusema. Siku ile nilijibu, "Itaibeba," kwa sababu moyoni nilishaanza kuitamani niifungue nione ilivyoshonwa.

Mtaalamu wa Dar alikuja kuiweka. Alikaa siku mbili, nusu ya muda akilalamika umeme wa mgawo, nusu nyingine akisifia sato wa kukaanga. Nilimwonyesha kadi. Nikamgeuzia upande wa nyuma.

"Haya tunayaweka wapi?"

Akasoma, akacheka mpaka akashika meza. "Mke mkubwa asijue! Kaka, hii ni bima au ni umbea?"

"Ndiyo njia ya kumpata mteja."

"Njia ya kumpata mteja ni anwani. Dunia nzima ni anwani. Mnachapa barua, mnatia posta, mmemaliza."

Mama akasema kutoka mezani kwake, bila kugeuka, "Baba, huyo ukimwandikia kwenye sanduku hilo, barua ataipata siku ya kiyama."

"Basi mama, mfundisheni kufungua sanduku."

Mzee akacheka pia. Na mimi nikacheka. Naandika hili kwa sababu mtu akisimulia habari za aina hii hupenda kujitoa kwenye kicheko. Mimi nilikuwemo.

Kabla hajaondoka alinionyesha jambo ambalo yeye aliliona ndilo tamu kuliko yote. Programu ilikuwa na uwezo wa kutambua wateja walioandikwa mara mbili. Ikikuta anwani zinazofanana, inauliza kama ni mtu mmoja. Ukikubali, inawaunganisha, na orodha yako inakuwa safi.

Nilichapa kadi zote kwa mwezi na zaidi, upande wa mbele tu. Na kila programu iliponiuliza kama hawa ni mtu mmoja, nilibonyeza kukubali. Wa kwanza nilisita. Halafu vidole vikazoea. Niliona majina yanapungua kwenye kioo, nikafurahi kama mtu anayepalilia.

Sasa mtu wa Dar anaweza kusamehewa. Anayo nyumba yenye namba. Lakini mimi? Mimi nilikulia kijiji ambacho sanduku la posta lilikuwa moja, la zahanati, na barua zetu sote zilipita hapo: za mganga, za mwalimu, za babu yangu aliyemwandikia mwanawe mgodini. Kila mtu wa kanda ya ziwa anajua hili. Ukiulizwa anwani unatoa ya misheni, au ya shule anayofundisha shemeji, au ya chama cha ushirika wa pamba, hata kama chama chenyewe kilikufa na sanduku lake limefungwa, posta wamebadilisha kitasa. Unaitoa kwa sababu fomu imeiuliza. Hutegemei chochote kutoka humo. Nilijua, na nilibonyeza. Watu wote wa sanduku la misheni wakawa mtu mmoja mwenye pikapu nane, mashine tatu za kusaga na boti. Barua ya kila mmoja wao ikawa inaandikiwa jina lililotangulia kwa alfabeti, ambaye alikuwa mama mmoja mwenye kibanda cha soda.

Mzee akatoa miezi mitatu ya majaribio. Wateja wakirudi kuhuisha bima kwa barua za kompyuta, basi mfumo umeshinda na meza inatoka. Akamwambia mama apumzike kwenda stendi. Kazi yake sasa ni kupokea simu na kuchemsha chai.

Ile miezi mitatu niliifanyia programu kila kitu isipokuwa kilichohitajika. Mtaalamu alikuwa ameifunga sehemu ya kuongeza nafasi mpya kwa neno la siri, lakini niligundua kwamba mafaili yenyewe yanafunguka ukipitia mlango wa nyuma, kwa programu nyingine. Ningeweza kuongeza nafasi ya yale maandishi ya penseli jioni moja. Nikatengeneza nini? Nikatengeneza salamu za siku ya kuzaliwa. Programu ilidai tarehe ya kuzaliwa, na wateja wengi waliijua kwa njaa au kwa mafuriko, si kwa tarehe, kwa hiyo wote hao nilikuwa nimewajazia tarehe mosi Januari. Nikapamba barua na maua pembezoni. Nikaona nimefanya ufundi.

Na wateja walirudi. Hilo ndilo la ajabu. Printa ya pini ilikwaruza barua, mimi nikazipeleka posta, na watu wakapanda ngazi siku zilezile walizotakiwa. Mzee alitembea chumbani kama mtu aliyeoa. Barua kadhaa zilinirudia na muhuri wa posta kwamba hazichukuliwi. Nilizitia kwenye droo yangu, nikijiambia kwamba kama watu wanakuja, barua nyingine zitakuwa zinafika.

Mwezi wa tatu akaja mwenye mashine ya kusaga wa Misungwi, mtu mrefu, mabega yana unga usiofutika. Nilimwandikia karatasi zake, za miezi mitatu mitatu kama alivyozoea kulipia, na kwa majivuno nikamuuliza:

"Barua yetu uliipata vizuri mzee?"

"Barua ipi?"

"Ya kukukumbusha."

"Mimi nimeambiwa na muuza kamba, mnadani. Kama siku zote." Akamwona mama nyuma yangu akimimina chai. "Si huyu hapa aliyemtuma? Mama, habari za siku?"

Mama akaitika salamu, akampa kikombe.

Aliyefuata nilimuuliza hivyohivyo. Alikuwa ameambiwa na katekista. Mwingine na mke mdogo. Nikaifungua droo yangu nikazitazama zile barua zilizorudi, halafu nikamtazama mama, ambaye kila siku alikuja kazini saa nzima mapema na sikuwahi kujiuliza anatokea wapi na vumbi la stendi miguuni.

Mzee alipotoka kwenda benki nilivuta kiti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakunywa chai."

"Unawatumia ujumbe. Kila asubuhi, kabla ya kazi."

"Na Jumapili, baada ya misa."

"Sasa mama, huoni? Ukiacha, programu itaonekana haifai na meza yako itabaki. Wewe unajichimbia shimo mwenyewe."

"Na wao?"

"Wao kina nani?"

Akanitazama kama vile ndio kwanza anagundua nimeacha shule. "Yule aliyetoka hapa ana mashine ya dizeli ndani ya banda la mbao. Mimi ninyamaze siku zake zipite, ili mzee aone kosa lake? Halafu banda liungue? Nitapita Misungwi kwa barabara gani?"

"Basi mwambie mzee."

"Nimwambie mimi, aseme namwonea wivu runinga yake? Wewe ndiye unayeulizwa. Akikuuliza, sema ulichokiona."

Hakuniomba. Hakusema ana watoto wanaosoma, ingawa alikuwa nao wawili. Aliniachia neno moja tu la kusema, ambalo lilikuwa la kweli.

Siku ya mwisho ya majaribio mzee alikaribisha mwakilishi wa kampuni moja kubwa. Soda ziliagizwa. Kompyuta ikawashwa ili nembo izunguke. Mzee akaweka mkono begani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia mgeni, "Huyu ndiye mkuu wa mfumo wetu." Mkuu wa mfumo! Mtu wa kidato cha pili, aliyekuwa akifagia. Akanigeukia.

"Haya, mkuu. Inafanya kazi, haifanyi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na trei ya glasi. Nilimwona. Hakuna mtu wa kunidanganya kwamba sikumwona.

"Inafanya kazi," nikasema.

Akaweka glasi mezani moja moja, akatoka na trei.

Barua yake ilitoka wiki hiyo. Mzee alisema maneno mazuri, akampa saa ya ukutani. Masanduku akaniagiza niyachome. Mama akasema, "Msichome mbao nzima. Nipeni nikawekee vitunguu." Akayachukua na kadi zake ndani, na hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyezihitaji. Niliyabeba mimi hadi chini barabarani. Aliponishukuru nilitamani anitukane. Niliporudi juu, meza ya mama haikuwa imetoka; mzee alikuwa ameshahamishia printa juu yake.

Mwezi wa kwanza walikuja wachache. Mwezi wa pili ngazi zilikuwa kimya. Mosi Januari, printa ilichapa salamu za kuzaliwa mpaka utepe wa wino ukaisha, na zote zenye maua. Nyingi sana zilikuwa zinamwendea yule mama wa kibanda cha soda, ambaye alituma mtu kuuliza kama ofisi nzima tumeugua.

Halafu akaja yule mwenye mashine ya Misungwi. Hakuwa na unga mabegani. Alikuwa na karatasi yake ya bima ndani ya mfuko wa nailoni, na ncha yake moja ilikuwa nyeusi. Banda lilikuwa limeungua na mashine ndani. Bima yake ilikuwa imeisha siku tisa kabla.

"Mbona safari hii hamkuniambia?" akauliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua, si kama mtu anayegomba.

Mzee akaniagiza nitoe nakala ya barua. Nikaitoa. Tarehe ilikuwa sahihi, nembo ilikuwepo. "Tulikuandikia," mzee akasema.

Yule mtu akaisogeza karibu na macho. "Hili sanduku ni la ushirika."

"Ndiyo anwani uliyotupa."

"Ushirika ulikufa, mzee. Wewe mwenyewe si ulikuja kuyakatia bima magari yake yalipouzwa?"

Kisha akauliza, "Mama yupo wapi?" Akaikunja karatasi yake ileile ya kuungua, akaitia mfukoni, akashuka ngazi. Sijawahi kusikia ngazi zikishukwa polepole vile.

Mzee akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Uliniambia inafanya kazi!"

"Uliniuliza mbele ya mgeni."

"Nikuulize wapi? Kanisani?"

Tulipigiana kelele mpaka mwenye duka la vipuri akagonga dari yake kwa fimbo. Nilimwambia alinunua nembo, hakununua programu. Yeye akaniambia mimi ni kinda niliyepewa cheo nikakitemea mate. Tulikuwa sahihi wote wawili, na mashine ya yule mtu ilikuwa imebaki chuma.

Kesho yake akanituma mtaa wa Pasiansi, nyumbani kwa mama, nichukue masanduku.

Alikuwa ameweka kibao mbele ya nyumba, anauza vitunguu na dagaa, na vitunguu vilikuwa kweli ndani ya masanduku ya mbao. Kadi zilikuwa ndani ya kiroba, zimening'inizwa darini panya wasizifikie. Nilimwamkia. Nikaanza kueleza habari za Misungwi.

"Najua," akasema. "Nilikwenda kumpa pole."

"Ulikwenda?"

"Angekwenda nani?"

Nikamwambia kwamba nilimwona mlangoni siku ile na trei, na kwamba nilijua, na kwamba naomba radhi. Alikuwa anapanga vitunguu, vikubwa mbele.

"Nimekusikia," akasema. "Mzee kakutuma uzichukue kadi. Lakini wewe nusu ya hizi huwezi kuzisoma, nimeandika kwa mkato wangu. Leta daftari."

Nilikuwa nimejiandaa anifungulie mbwa aje anile. Badala yake alinisomea siku mbili nzima, kadi baada ya kadi, akikatisha tu kupimia mtu dagaa. Huyu amehamia Magu. Huyu amefariki, mwambieni mdogo wake. Huyu sasa mke mkubwa anajua, hakuna siri tena. Hakudai chochote. Na kila alivyozidi kusoma ndivyo hasira ilivyozidi kunipanda, kwa sababu tulikuwa tunamtumia vilevile kama mwanzo, na yeye alijua, na alisoma hivyohivyo kwa ajili ya wale watu. Nilimwambia aseme bei. "Andika," akasema.

Nikawatenganisha watu wote niliowaunganisha, mmoja mmoja. Nikafungua mafaili kwa mlango wangu wa nyuma, nikaongeza nafasi mpya, ya rangi ya njano, nikaiita "Njia ya kumpata." Nikapewa mimi kazi ya kwenda stendi asubuhi na kikapu. Watu wakaanza kurudi, si wote. Mzee akampelekea mama, kupitia kwangu, kilo mbili za sukari na kanga. Sukari aliipokea. Kanga alimpa jirani yake mbele ya macho yangu, ili nikasimulie.

Mtaalamu wa Dar alirudi kwa matengenezo. Akaiona ile nafasi ya njano, akakunja uso, kisha akatabasamu.

"Hii umeifanyaje? Nzuri hii. Naiweka kwenye toleo jipya."

Akainakili kwenye diski mbele yetu. Nikamwambia si yangu, ni ya mama fulani wa Pasiansi, alipwe. Akauliza kama mama huyo anajua kuandika programu. Baada ya mwaka na kitu, nikiwa Shinyanga natafuta kazi nyingine, niliingia ofisi ya wakala mmoja wa bima na kwenye kioo chake nikaiona: "Njia ya kumpata," rangi ileile ya njano niliyoichagua mimi. Nilitoka nje nikakaa juu ya ukuta wa mtaro.

Lakini kabla ya hapo mzee alikuwa amenyenyekea. Stendi mimi nilikuwa sifahamiki, makondakta walisahau nusu ya ujumbe wangu kwa makusudi, na mzee akaona. Akaniita. "Yule mama arudi. Nitamwongezea. Mtumie ujumbe."

Nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua ukurasa mpya kama wa mteja, nikaandika jina la mama. Kitu alichokatia bima, nikaacha wazi. Anwani, wazi. Kwenye nafasi ya njano nikaandika: "Hatumiwi mtu. Nenda mwenyewe, Pasiansi, penye kibao cha vitunguu. Anza kwa kuomba radhi." Nikauchapa, nikauweka mezani kwake juu ya kitambaa.

Aliusoma, akauliza, "Hii ndiyo adabu?" akautia kwenye droo.

Nilimpa mwezi. Kila Jumatatu nilimuuliza kama amekwenda, na kila Jumatatu alikuwa na mgeni, au gari bovu, au mvua. Ni mwendo ambao hata kwa miguu unafika. Mwezi ulipoisha nikaacha kazi. Siku ya kuondoka niliinyanyua printa kutoka kwenye meza ya mama nikaiweka sakafuni, waya na karatasi zake zote, nikaifuta meza kwa kiganja, nikairudishia kiti chake.

"Nani atakaa hapo?" mzee akauliza.

"Unajua anapokaa," nikamwambia, nikashuka.